Ramani imelowa, imekatika au haisomeki: utatuzi wa matatizo kwa wapiga kafi na watembea msituni Unguja na Pemba

Simu ina ramani nzuri mpaka chaji iishe ukiwa ndani ya mikoko ya Chwaka, au kioo kirukiwe na maji ya chumvi kikawa hakisikii kidole. Kwa hiyo wanaopiga kafi ghuba ya Menai na wanaopita msitu wa Ngezi bado wanabeba karatasi, na karatasi nayo ina maradhi yake. Maradhi hayo ni machache na yanajirudia. Nimeyapanga kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, anza na sababu ya juu kwa kuwa ndiyo ya kawaida zaidi, na usiruke ukaguzi mwepesi ukakimbilia dukani.

Malalamiko mengi huanza na "mfuko wangu haufai." Mara nyingi mfuko hauna kosa. Unyevu ulioiharibu ramani uliingia humo kabla ya safari, na aliyeufungia ni mwenye ramani mwenyewe. Ndiyo maana sehemu ya kwanza ni ndefu kuliko nyengine.

Mfuko umejaa mvuke na matone ndani, na haujazama popote

Mtu amefunga mfuko dikoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukiwa safi. Kufika saa tatu plastiki imekuwa nyeupe kwa ndani kama mfuniko wa sufuria ya wali, majina hayasomeki, na karatasi imeanza kulegea.

Kabla ya kulaumu mfuko, ufungue pahala pakavu, futa kidole vizuri, chota tone, onja. Tone la chumvi maana yake bahari imeingia. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mifuko inayovuja. Tone lisilo na chumvi ni mvuke uliogeuka maji, na huo ulikuwamo humo humo. Kwa anayetembea nchi kavu njia hii haimsaidii, maana mvua haina chumvi. Yeye atumie jaribio la ndoo lililoelezwa mbele.

Sababu ya kwanza ni hewa. Hewa ya pwani alfajiri imebeba maji mengi, na ukiufunga mfuko ukiwa umetuna umeyafungia pamoja na ramani. Jua likipiga upande wa juu, na upande wa chini ukiwa umelalia ubao uliolowa, mvuke hukimbilia kwenye ubaridi na kugeuka matone. Ya pili ni karatasi yenyewe. Karatasi hunywa unyevu bila kuonekana imelowa. Ramani iliyotundikwa ukutani masika yote ina maji ndani yake hata kama mkononi ni kavu, na ikipashwa joto ndani ya plastiki huyatoa. Ya tatu ni vilivyotiwa pamoja nayo: kitambaa cha kufutia, noti zilizotoka kwenye suruali mbichi, daftari la jana. Tundu ni la mwisho katika orodha hii, ingawa ndilo linalotajwa kwanza na kila mtu.

Tiba ni kuihamisha kazi ya kufunga kutoka dikoni kwenda nyumbani. Usiku wa kuamkia safari, itandaze ramani kwenye chumba chenye kiyoyozi kama unacho, au mbele ya feni kwa saa kadhaa. Siku za kaskazi kavu hata dirisha lenye upepo wa mchana linatosha. Itie kwenye mfuko hapo hapo, lalia mfuko kwa kiganja kuanzia chini kwenda mdomoni mpaka hewa itoke, kisha funga. Ukifika dikoni usifungue "kuangalia mara moja." Ndiyo maana ramani ikunjwe tangu nyumbani ikionesha eneo unalokwenda, upande mmoja mwendo wa kwenda na mwengine wa kurudi.

Vipakiti vya silika vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu vinasaidia, lakini kipakiti kilichokaa wazi kabatini mwezi mzima kimeshiba na hakinywi tena. Punje zake hurudishwa kwa kuzimimina kwenye chombo cha zamani na kuzipasha kwa moto mdogo, ukikoroga, mpaka zikauke sawasawa. Jua peke yake halitoshi. Zile za rangi ya buluu zisitiwe kamwe kwenye chombo cha kupikia, kwa sababu rangi yake inaweza kuwa na kemikali ya kobalti ambayo ni sumu. Mchele ambao kila mtu anaushauri haunywi unyevu wa maana, na unga wake ni karamu ya wadudu.

Ikiwa tayari uko majini na mvuke umeshaingia, uweke mfuko kivulini kwa muda, mgongo wa ramani ukilalia penye ubaridi, ili matone yahamie nyuma ya karatasi. Fungua ukifika nchi kavu yenye upepo, si katikati ya mawimbi.

Mfuko unavuja kweli

Jaribio la ndoo: tia ndani karatasi ya choo iliyokunjwa, acha hewa kidogo, funga, uzamishe kwenye ndoo ya maji na uminye taratibu kila upande. Vipovu vitakuonesha tundu. Usipoviona, uache chini ya jiwe kwa nusu saa, kisha utazame ile karatasi.

Mara nyingi kinachovuja ni mdomo. Mchanga mwembamba wa pwani huingia kwenye meno ya zipu au njia ya kubania, ukadhani umefunga kumbe pana mwanya wa unywele. Suuza mdomo kwa maji baridi ya bomba, pitisha mswaki wa zamani, ujaribu tena. Kama mdomo ni wa kukunja, ukunje mara tatu au zaidi bila kuacha makunyanzi. Mikunjo miwili ni kualika maji.

Sababu inayofuata ni matundu ya sindano kwenye kona. Mwenye kutembea maweni anajua jiwe la matumbawe lilivyo: hukaa juu yake mara moja tu. Mfuko uliowekwa chini wakati wa kula, ukavutwa kidogo, umetoboka. Kiraka cha baiskeli na gundi yake havishiki vizuri kwenye plastiki laini. Tumia utepe mpana, ndani na nje, baada ya kufuta mafuta kwa spiriti, na uhesabu kwamba umepata safari moja tu. Mshono ulioachia kwa urefu, au plastiki iliyokauka na kupasukapasuka, haitengenezwi. Huo sasa ni mfuko wa penseli.

Plastiki hupasuka mapema kuliko inavyotakiwa kwa sababu moja inayosahaulika: dawa ya mbu. Dawa zenye DEET, kemikali ya kufukuzia mbu, hula baadhi ya plastiki, khasa zile laini. Mtu anajipaka anapoingia Jozani, anashika mfuko, na alama za vidole vyake zinabaki zikiwa nata, kisha zinakuwa ukungu usiofutika. Osha viganja, au jipake kwa nyuma ya mkono.

Kuhusu mifuko myepesi ya dukani: Zanzibar iliipiga marufuku tangu 2006, na hata ile inayopatikana kwa mlango wa nyuma haikuwahi kufaa kazi hii. Kwa bei ndogo kabisa, ninachokiamini ni kipande cha paipu ya PVC ya inchi mbili au tatu kutoka duka la vifaa vya ujenzi, kifuniko kimoja kimegundishwa kabisa na cha pili ni cha kuzungusha chenye mpira. Ramani huviringishwa badala ya kukunjwa, bomba linaelea, na hata ukilikalia halijali. Kasoro yake ni kwamba husomi bila kulifungua. Basi ramani kuu ikae humo, na nakala ya eneo la leo ikae kwenye mfuko wa kusomea.

Ramani ililowa maji ya bahari, ikakaushwa, na kila siku inarudi kuwa mbichi

Iliguswa na wimbi Jumamosi, ikaanikwa juani, Jumapili ilikuwa kavu na ngumu. Jumatatu jioni inalegea tena, na kwenye mikunjo pana vumbi jeupe.

Sababu ni moja: chumvi haikutolewa. Maji yameondoka, chumvi imebaki kwenye nyuzi za karatasi, nayo huvuta unyevu wa hewa kila jua likishuka. Hakuna kuanika kutakakoponya hilo. Lazima uilowanishe tena, safari hii kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Kwanza hakikisha wino hautoki: gusa kona isiyo na maana kwa pamba iliyolowa, bana sekunde chache, tazama pamba. Ikichukua rangi, simama, nenda sehemu inayofuata. Ikibaki safi, laza ramani kwenye sinia pana au ubao uliotandikwa plastiki, na mimina maji taratibu kutoka upande mmoja, uyaache yatiririke. Usiinyanyue kwa kona mbili. Karatasi mbichi haiwezi kubeba uzito wake, na hapo ndipo ramani nyingi hufa mikononi mwa mtu aliyekuwa akiziokoa. Inyanyue pamoja na kitu kilicho chini yake. Badilisha maji mara mbili au tatu.

Kisha ilaze juu ya taulo, funika kwa taulo jengine, gandamiza bila kusugua. Ikaushie kivulini penye upepo. Jua la saa sita hukausha upande mmoja kabla ya mwengine, karatasi ikajikunja, na rangi zikapauka. Ikibakisha unyevu kidogo tu, itie katikati ya karatasi nyeupe zisizo na maandishi na uilaze chini ya godoro siku mbili, ukibadilisha karatasi hizo kila zikinyonya. Gazeti usitumie, wino wake utahamia.

Ramani za watalii zilizochapwa kwenye karatasi ya kung'aa zina tabia yao. Zikilowa zikiwa zimekunjwa, kurasa hushikana, na zikikauka hivyo hazitenganishwi tena bila kung'oa picha. Zifungue zingali mbichi. Kama huna nafasi ya kuzishughulikia siku hiyo, zifunge kwenye plastiki na uzitie kwenye friza; hazitaharibika zaidi mpaka upate wakati.

Wino umetoka, au maandishi yamehamia kwenye plastiki

Haya ni matatizo mawili yanayofanana kwa macho. Uliza kwanza nakala ilitoka mashine gani.

Ikiwa rangi zimesambaa na kufanya wingu la buluu na waridi, nakala ilichapwa kwa mashine ya wino wa maji. Wino wa aina hiyo, mwingi wake huyeyuka kwa jasho la kiganja tu. Dawa hakuna, chapisha upya kwa mashine ya leza, ambayo unga wake huyeyushwa na kugandishwa kwenye karatasi na haujali maji.

Ikiwa maandishi ni makali lakini yamebaki kwenye plastiki wakati karatasi imekuwa nyeupe, hapo ni kinyume chake: nakala ni ya leza, na mfuko ni wa PVC laini, ile yenye harufu ya pazia jipya la bafu. Vilainishi vilivyomo ndani ya plastiki hiyo huvuta unga wa leza, khasa kwenye joto la dashibodi ya gari. Weka karatasi tupu nyembamba kati yao unapohifadhi, au tafuta mfuko wa plastiki ngumu kidogo inayolia ikikunjwa. Usiache kamwe mfuko wa ramani kwenye gari lililoegeshwa juani.

Alama zako mwenyewe ziandike kwa penseli laini. Biro inaweza kutoka, na kalamu ya jeli zaidi.

Ramani imekatika kwenye mikunjo

Inaanza na tundu dogo pale mikunjo miwili inapokutana. Baadaye tundu linakuwa dirisha, na kwa bahati mbaya dirisha hilo hupenda kuangukia kijiji unachokitafuta.

Sababu kubwa ni kukunja na kukunjua kwa namna tofauti kila mara, mkunjo ukigeuzwa mbele na nyuma. Chagua mikunjo yako mara moja, kwa mtindo wa feni: marefu kwanza, kisha mapana, na ubaki nayo. Sababu ya pili ni kukunja karatasi mbichi. Ya tatu ni mfuko wa nyuma wa suruali, ambako jasho na uzito wa mwili vinafanya kazi pamoja.

Kwa mkunjo ulioanza kuchoka, pitisha mshumaa mweupe juu ya mstari, upande wa nyuma, kabla ya safari. Hauzuii mafuriko, lakini unazuia maji kuingia pale karatasi ilipolegea.

Selotepu ndiyo inayokimbiliwa, na ndiyo inayomaliza ramani. Kwenye joto letu gundi yake hutambaa pembeni, huwa ya manjano, huvuta mchanga, na baada ya mwaka plastiki inabanduka ikiacha mstari wa kahawia. Ikiwa uko njiani na huna jengine, bandika nyuma, si mbele. Nyumbani tengeneza kwa uji mzito wa unga wa ngano uliochujwa na vipande vya karatasi nyembamba ya tishu, uvichane kwa mkono ili kingo ziwe na nyuzi. Paka uji kidogo, laza tishu nyuma ya mpasuko, funika kwa plastiki na uzito mpaka ikauke. Kiraka hicho kinakunjika, na ukikilowanisha kinatoka bila kudhuru.

Ramani itakayotumika miaka inafaa kuungwa mgongo wa kitambaa, kama zilivyokuwa ramani za kazi za zamani. Bafta nyembamba iliyofuliwa mara mbili inatosha. Ramani hukatwa vipande kwa mistari ya mikunjo, vikabandikwa kwa uji ule ule vikiachiana upana wa unyasi, ili kinachokunjwa kiwe kitambaa peke yake. Lakini kwa nakala, tafadhali, si kwa ramani pekee uliyonayo.

Na laminesheni? Kwa ubao wa darasa la skuli ni nzuri. Kwa safari siipendi: haikunjwi bila kupasuka, inamulika jua usoni, na ikianza kuachia kwenye kona maji hunyonywa ndani yasitoke tena. Ukishikilia kuitumia, usikate plastiki sawasawa na ukingo wa karatasi. Acha kingo ya nusu sentimita ya plastiki tupu kila upande, na zungusha kona ziwe duara.

Ramani imeruka, au imechukuliwa na maji

Upepo wa kusi hauombi ruhusa. Sababu ya kawaida ni kwamba haikufungwa popote. Ilibanwa chini ya goti au chini ya upo wa kutolea maji. Ya pili ni kutegemea kamba za mpira za kayaki peke yake. Wimbi moja linalopita juu ya omo, yaani mbele ya chombo, huvuta mfuko ukatoka chini yake.

Kamba moja fupi ifungwe kwenye kitundu cha mfuko na kwenye ubao wa kukalia, au kwenye pete ya kayaki. Fupi, yaani isifike shingoni mwako ukiwa umekaa. Kwenye kamba hiyo funga kipande cha ndara ya zamani. Sponji yake inaelea, na rangi yake inaonekana mbali. Fukwe zimejaa ndara za mguu mmoja, kwa hiyo hili halina gharama.

Usivae ramani shingoni ukiwa kwenye chombo. Chombo kikipinduka, kamba hunasa kwenye ubao, mlingoti au kafi, na mwenye kunaswa yuko chini ya maji. Wanaotembea nchi kavu wanaweza kuivaa, na hata hao waivue wanapopita vichaka vya miiba au kupanda mti.

Ramani ikianguka majini, hesabu kwanza mkondo kisha ramani. Ikiwa iko urefu wa kafi, iokote. Ikiwa imeshapita hapo, iache iende. Usiruke, usigeuze ubavu wa chombo kwenye mawimbi, usimtume mtoto. Chombo kikipinduka, kaa nacho. Chombo kinaonekana, kichwa cha mtu hakionekani. Mkondo ukiwa unakuvuta kuelekea bahari kuu, khasa magharibi ya Pemba ambako kina huanguka ghafla, hapo kazi ya ramani imekwisha: piga 112, na ukiweza wafikie KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, ambao pia hufanya uokozi baharini. Simu ya dharura ikae kwenye kikoba chake, si pamoja na ramani.

Ramani ni nzima, lakini inakudanganya

Hapa karatasi imehifadhiwa vizuri na bado mtu anatokea pasipo. Anza na nakala. Mashine ya fotokopi ikipunguza A3 kuwa A4, kila kitu hubaki asilimia 71 ya urefu wake. Kwenye ramani ya 1:50,000 mraba wa kilomita moja unapaswa kuwa sentimita 2. Ukipima ukakuta 1.4, nakala yako imepunguzwa, na saa moja uliyokadiria ni karibu saa moja na nusu. Ukingo umeandikwa 1:50,000 bado, kwa sababu mashine haijui kusoma. Pima mraba kwa rula hapo hapo dukani kabla hujalipa.

Dira ikiyumba kila unapoiweka juu ya ramani, tafuta sumaku. Baadhi ya mifuko hufungwa kwa vifungo vya sumaku, na simu ina sumaku kwenye spika. Isogeze dira mbali, uone kama mshale unabadilika.

Tofauti ya takriban mita 300 kati ya simu na karatasi, na daima upande ule ule, si uharibifu. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, na simu hutumia mwengine, WGS 84. Soma ukingo wa ramani, kisha badilisha mpangilio kwenye programu ya simu. Ikikuuliza kanda ya UTM, yaani mgawo wa dunia kwa ajili ya miraba ya ramani, yetu ni 37 kusini.

La mwisho si la karatasi hata kidogo. Ramani ya nchi kavu haioneshi bamvua. Maji makuu hapa hupanda na kushuka karibu mita 4, na njia ya pwani iliyochorwa kama barabara inaweza kuwa bahari mara mbili kwa siku, wakati vijito vya mikoko vilivyochorwa buluu huwa tope. Hilo muulize mvuvi, au sheha akuelekeze kwa mtu wa pale pale.

Madoa meusi, harufu, vitobo: ramani inaharibikia nyumbani

Madoa yenye harufu ya kabati ni kawa, yaani ukungu. Chanzo ni kuihifadhi ikiwa na unyevu, au kuiegemeza kwenye ukuta wa nje wa mawe na chokaa, ambao masika hutoa jasho. Itoe, ikaushe kabisa, kisha pangusa kwa brashi laini nje ya nyumba, ukielekeza vumbi mbali nawe na ukiwa umefunga pua na mdomo. Usipanguse kawa mbichi, utaisambaza. Mwenye pumu asifanye kazi hii kabisa. Dawa ya kung'arishia nguo isiguse karatasi.

Vitobo na njia za tope ni mchwa: ramani haikai sakafuni wala kwenye boksi la karatasi. Kingo zilizolambwa ni mende, nao hufuata ule uji wa ngano. Bomba la PVC lililofungwa linawamaliza wote wawili.

Usiiguse, mpeleke kwa mjuzi

Yote ya juu ni kwa nakala na ramani za kununuliwa. Ramani ya zamani ya familia, mchoro wa shamba wenye muhuri, au karatasi yoyote inayoweza kuhitajika mbele ya hakimu haioshwi, haiungwi mgongo, na haipigwi laminesheni. Laminesheni haitoki, na muhuri uliofunikwa unaweza kukataliwa. Kama ni hati ya ardhi, nenda Kamisheni ya Ardhi uulize nakala iliyothibitishwa. Visiwa hivi vilipigwa picha upya kwa droni kupitia mradi wa ramani ulioanza 2016, kwa hiyo kwa safari za kawaida huna haja ya kuibeba karatasi ya babu.

Ikiwa karatasi ya aina hiyo tayari imelowa, usijaribu kuikunjua. Ilaze kama ilivyo juu ya kitu bapa, ifunge kwenye plastiki safi, itie kwenye friza siku hiyo hiyo, kisha waulize watu wa Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani wakwambie nani wa kuishughulikia. Wapigie simu kwanza, na usiitoe kwenye friza mpaka wakwambie uilete.